Mtoto Hataki Kula: Anza na Ratiba Kabla ya Kubadili Chakula

Mwanangu wa pili alipofikisha mwaka na miezi mitatu aliacha kula. Mtoto aliyekuwa akimaliza kibakuli cha uji na kukililia tena, sasa akikiona kijiko anafumba mdomo na kugeuza shingo. Nilifanya kila nililoona likifanywa nilipokuwa mdogo. Nilimfuata uani na bakuli mkononi, nikamwashia katuni, nikamtisha kwa paka, na asubuhi moja nikambana pua ili afungue mdomo. Alipaliwa. Uji ulimtoka puani, midomo ikabadilika rangi, nami nikampakata pale sakafuni tukalia wote wawili. Tangu siku hiyo sijamlazimisha mtoto kula, awe wangu au wa mwenzangu. Leo nyumbani kwetu watoto watatu wanakula mlenda, dagaa na papai bila kubembelezwa. Kilichobadilika kwanza kilikuwa mpangilio wa siku; chungu chenyewe kilibadilika baadaye, tena kidogo kidogo.

Ninayoyaandika hapa ni ya mzazi au mlezi wa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi yule wa darasa la tatu hivi. Chini ya miezi 6 hakuna la kupika: ni maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hayahitaji.

Mambo mawili ya kujua mapema

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 huwa na kilo 9 hivi akitimiza mwaka mmoja. Amejizidisha mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Ndiyo maana hamu ya chakula hupungua baada ya mwaka, na kupungua huko ni kwa kawaida, maana mwili hauna tena mbio zile za kukua. Mimi sikuambiwa haya, na kutokujua ndiko kulikonifikisha kwenye kubana pua.

La pili, tumbo kujaa si sawa na kula vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko wanavyopaswa kuwa kwa umri wao. Mkoa ulioongoza ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa na udumavu, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Nimeishi Nyanda za Juu Kusini, nimeona ghala limejaa, kuku wanazunguka uani, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo anakunywa uji mtupu wa mahindi asubuhi, anakula ugali mchana na ugali tena usiku. Mayai yalikuwa yanaenda sokoni. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara na mama kukosa muda kwa kazi za shamba, lakini sahani yenye chakula cha aina moja kila siku ni sababu ambayo familia nyingi zinaweza kuiondoa zenyewe.

Hatua ya 1: Andika siku tatu

Usibadili chochote bado. Chukua daftari, na kwa siku tatu andika kila kitu kinachoingia mdomoni mwa mtoto, saa ngapi, na nani alimpa. Usiache kitu hata kama ni kidogo. Mwombe dada wa kazi au bibi akusaidie kwa saa usizokuwepo, na umhakikishie kwamba humchunguzi yeye.

Ukurasa wangu wa siku ya kwanza ulikuwa hivi: saa 12:30 asubuhi, chai ya maziwa, sukari vijiko viwili, nusu andazi. Saa 2:15, biskuti tatu, alipewa anyamaze mama anapoondoka. Saa 3:30, uji vijiko vinne, akakataa. Saa 4:00, juisi ya boksi. Saa 5:10, ndizi mbivu kwa jirani. Saa 6:20, pipi. Saa 7:00 mchana, wali na maharage, vijiko viwili, akakataa.

Nilipoandika "akakataa" mara ya pili ndipo nilipoona. Mtoto niliyesema hali chakula alikuwa anakula tangu jua linachomoza. Kila chakula cha maana kilimkuta tayari ana kitu kitamu tumboni. Ukiandika kwa uaminifu, nadhani na wewe utaona kitu usichokitarajia. Wengine hugundua ni maziwa. Mtoto aliyepita mwaka mmoja akinywa chupa tano za maziwa ya ng'ombe kwa siku, atakuwa mnene wa uso na hana nafasi ya chakula, na maziwa yana madini ya chuma machache sana. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha.

Hatua ya 2: Weka saa za kula, na katikati yake maji tu

Hii ndiyo hatua iliyonipa usingizi, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, panga milo mitatu na asusa mbili. Kwetu ni hivi: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku. Dakika kumi mbele au nyuma si neno. Katikati ya saa hizo anakunywa maji safi, basi. Anayenyonya aendelee kunyonya, ila asinyonye nusu saa kabla ya chakula. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 milo miwili au mitatu inatosha, kwa sababu bado maziwa ya mama ndiyo chakula chake kikuu.

Mlo uwe na mwanzo na mwisho. Nawisha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, kaa naye mahali pamoja, mkekani au mezani, zima televisheni, weka simu mbali. Mpe dakika 20 hadi 30. Akisema basi, au akianza kuchezea chakula na kukitupa, ondoa sahani kwa upole, mnawishe, ashuke akacheze. Usigombe. Usimpikie kingine. Asusa ya saa 10 haiko mbali.

Wataalamu wa lishe ya watoto huigawa kazi ya mezani mara mbili. Mzazi anaamua kinapikwa nini, kinaliwa saa ngapi na kinaliwa wapi. Mtoto anaamua atakula au hatakula, na atakula kiasi gani. Mimi nilikuwa nimebadilishana kazi na mtoto: yeye ndiye aliyekuwa anachagua kula nini na saa ngapi, mimi nikahangaika na kiasi kinachoingia tumboni mwake. Tuliporudishiana kazi zetu, ugomvi ukaisha.

Siku tatu za kwanza utasikia kilio. Atakuja jikoni saa 5 ataomba biskuti. Piga magoti mwangalie usoni, mwambie, "Najua una njaa, mwanangu. Chakula kinaiva, tutakula wote baba akirudi." Mpe maji, mpe kazi ya kufanya. Njaa ya saa mbili haimdhuru mtoto mwenye afya. Ndiyo inayompa hamu ya kula. Kwetu siku ya nne ndipo alipokula wali wake wote na kuniangalia kama anayeuliza kama upo mwingine. (Mtoto anayeumwa, aliyetoka kuugua, au ambaye kliniki imesema uzito wake uko chini, usimfanyie hivi kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Huyo analishwa mara nyingi zaidi, kidogo kidogo.)

Hatua ya 3: Mpe sahani yake

Napenda sinia. Watoto wakizunguka sinia moja na wakubwa wanaona mikono ya wenzao ikienda kwenye mboga, nao wanaiga. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye sinia anashindwa kasi, na wewe huwezi kujua amekula nini. Mkubwa anamaliza nyama, mdogo anabaki na tonge kavu. Njia rahisi ni hii: akae hapo hapo kwenye mkeka na wenzake, ila chakula chake kiwe kwenye kibakuli chake.

Kiasi tumia kikombe cha mililita 250. Miezi 6 hadi 8 anaanza na vijiko viwili vitatu, anapanda mpaka nusu kikombe kwa mlo. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu mpaka kikombe kizima. Pakua kidogo kuliko unavyodhani anahitaji, aombe nyongeza. Sahani iliyofurika humkatisha mtoto tamaa kabla hajaanza.

Na tuache kumwambia "maliza, kuna watoto wanalala njaa." Nayajua maneno hayo, nimelelewa nayo, na waliotulea nayo walikuwa na sababu, maana chakula kilipatikana kwa jasho. Lakini mtoto aliyeshiba akilazimishwa kumaliza anajifunza kutosikiliza tumbo lake. Pakua kidogo, na hakitatupwa kitu.

Hatua ya 4: Angalia rangi za sahani

Huna haja ya kukariri makundi ya vyakula. Kila mlo jiulize: kuna cha kushibisha (ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, mihogo)? Kuna cha kujenga mwili (maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai, nyama, maziwa)? Kuna jani au tunda? Kama kimoja kimekosekana asubuhi, kitafutie nafasi mchana. Tia mafuta kidogo, karanga zilizotwangwa au tui la nazi. Chumvi iwe yenye madini joto, na iwe kidogo.

Asubuhi ndipo wengi wetu tunapoanguka. Chai ya rangi na andazi ni unga, mafuta na sukari. Jaribu kiporo: wali wa jana ukapashwa moto sawasawa na maharage yake. Jaribu kiazi kitamu cha njano, kile wanachokiita kiazi lishe, chenye vitamini A kwa wingi, pamoja na yai la kuchemsha. Magimbi, maboga, mihogo ya kuchemsha na maziwa ya mgando. Yai moja kwa siku kwa mtoto ni fedha iliyotumika vizuri kuliko pakiti ya biskuti, hata pale bei zinapolingana.

Dagaa ni hazina ambayo baadhi ya wenye uwezo wanaidharau. Unawala na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata kalisi na protini kwa pamoja. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, wakaushe, wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, kisha watwange. Unga huo uweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chai unakoroga kwenye uji wa mtoto wa miezi saba au kwenye mboga ya mkubwa wake. Mwanzoni harufu itakusumbua wewe kuliko mtoto.

Sasa unga wa lishe. Hapa naomba unisikilize, kwa sababu tunafanya makosa kwa nia njema. Mtu anachanganya mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, anasaga vyote pamoja, anakaa nao miezi miwili. Nafaka sita hazimpi mtoto mara sita ya nafaka moja. Zote ni kundi lile lile. Chukua nafaka moja au mbili, sehemu tatu, na jamii ya kunde sehemu moja. Soya ichemshwe au ikaangwe kwanza, usiisage mbichi. Karanga usizisage kwenye unga wa kukaa muda mrefu, kwa sababu mafuta yake huvunda. Zitwange kila siku na utie wakati wa kupika.

Zichambue hizo karanga na mahindi hayo punje kwa punje. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa, tupa. Usimpe hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Hulka ya kuwasagia watoto "zile mbaya mbaya, zikisagwa hazionekani" nimeiona kwa macho yangu, na inanisikitisha sana.

Uji wenyewe uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko kama maji. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo kwa maji.

Hatua ya 5: Mboga za majani, na uvumilivu wake

Ulimi wa mtoto unausikia uchungu kuliko wa kwako. Mnafu au majani ya kunde yanayokuburudisha wewe, kwake ni kama dawa. Kwa hiyo anza na majani yasiyo makali: mchicha, matembele, majani ya maboga. Mnafu utakuja wenyewe.

Chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonekana mezani mara 8, 10, hata 15 kabla mtoto hajakikubali. Wengi tunakata tamaa mara ya tatu na kutangaza mbele yake, "Huyu hapendi mboga," naye anasikia na anashika jina hilo. Wa tatu wangu nilimwekea matembele nikawa napiga mstari kwa penseli nyuma ya mlango wa jiko kila siku ninayopika. Mstari wa kwanza hadi wa tatu aliyasukuma pembeni kwa kidole. Wa nne aliyanusa. Wa sita aliweka mdomoni akatema kwenye kiganja changu. Wa kumi na moja alitafuna, akanyamaza, akachovya tonge tena. Nilijizuia nisipige makofi.

Namna ya kufanya: weka kijiko kimoja tu cha mboga pembeni ya chakula anachokipenda. Usiseme kitu. Kula ya kwako, na uonekane unaifurahia. Akiuliza, mweleze: "Haya ni matembele, ni majani ya viazi." Asipoyagusa, yarudishe kesho kutwa. Usimpe zawadi kwa kuonja. "Maliza mboga upewe soda" humfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo malipo yake.

Kupika nako kuna mchango. Osha majani kabla ya kuyakata. Usiyachemshe na kumwaga maji yake ya kijani, humo ndimo kilichomo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, funika dakika chache yakiwa bado na rangi, tia tui au karanga, na ukiepua kamulia ndimu. Mafuta kidogo yanasaidia mwili kuipata vitamini A, na ndimu inasaidia kuyapata madini ya chuma. Kisamvu pekee ndicho kisichokubali haraka: kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu, kwa kuwa kibichi kina sumu. Kata majani madogo madogo kwa mtoto. Jani refu linamkwama kooni naye analiogopa siku zote.

Unaweza kuchanganya mboga kwenye katlesi au kupondea boga kwenye unga wa chapati, lakini usifiche kila siku. Mtoto anatakiwa aijue mboga kwa sura yake.

Na mtie jikoni. Wa miaka mitatu anaweza kuchambua mchicha na kumenya yai. Wa miaka sita anapima mchele kwa kikombe na kuchagua mawe. Ukienda sokoni mpe uamuzi mdogo: "Leo tuchukue bamia au biringanya?" Tuliokosa shamba tunaweza kujaza gunia udongo na samadi, tukaliweka pembeni ya ukuta, mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Mtoto aliyemwagilia mche wake kila asubuhi kwa kopo la rangi, ataula.

Hatua ya 6: Sukari, chai na duka la pale nje

Chini ya miaka miwili, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asitiliwe sukari na asipewe vinywaji vitamu. Baada ya hapo, kidogo. Soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja kabisa, hata ya kulamba.

Majani ya chai yana kitu kinachozuia mwili usichukue madini ya chuma kwenye chakula. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, kumpa mtoto chai pamoja na maharage au mchicha ni kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Kama chai ni lazima nyumbani, mtoto mdogo anywe maziwa yenye tangawizi au mchaichai bila majani ya chai.

Badala ya juisi mpe tunda lenyewe, na fuata msimu kwa sababu ndipo bei inaposhuka: machungwa ya Muheza yanapojaa barabarani, maembe yanapoanza Novemba, mapera, papai, fenesi. Unga wa ubuyu uliolowekwa ukachujwa bila rangi ni kinywaji kizuri. Ule ubuyu mwekundu wa pakiti ni peremende tu.

Sijapiga marufuku vitu vitamu. Kilichokatazwa kabisa ndicho mtoto anachokitafuta kwa jirani. Kwetu soda ni ya Jumapili au sikukuu, tunainywa wote baada ya chakula, haimfuati mtu aliyefanya vizuri wala hainyimwi aliyekosea. Pakiti za biskuti hazikai kabatini. Kisichokuwepo hakiombwi sana.

Jihadhari na vya kupalia. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na mifupa ya samaki si vya mtoto wa chini ya miaka minne mitano. Na asile huku anakimbia.

Hatua ya 7: Wakubwa wa nyumba

Ratiba yako itavunjwa na wanaompenda mtoto wako. Mama mkwe wangu alipokuja kutukalia, asubuhi ya pili nilimkuta anatia sukari kwenye uji wa mtoto wa miezi tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uji mchungu huu mnamlisha mjukuu wangu, kwani baba yake amefilisika?"

Sikubishana naye. Nilimwomba anifundishe uji wa zamani, waliokunywa wao kabla sukari haijafika kila duka. Akafikiri, akasema mama yake alikuwa anaponda ndizi mbivu, au anatia tui la nazi la kwanza. Kesho yake akaupika yeye mwenyewe, akampa mtoto, mtoto akanywa. Tangu hapo kila mgeni aliyetaka kutia sukari aliambiwa na bibi. Wazee wetu wanajua mengi kuhusu chakula. Tuwaulize kabla ya kuwasahihisha.

Dada wa kazi ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wewe. Bandika ratiba ukutani, lakini zaidi ya hapo, mpe naye chakula hicho hicho, akae ale na watoto. Dada anayekula makoko peke yake jikoni saa 9 hawezi kumfundisha mtoto kula kwa utulivu, na si haki pia.

Baba naye. Akisema mbele ya mtoto kwamba hali majani, mboga yako yote imekufa siku hiyo. Zungumzeni chumbani, mbali na watoto. Hata akichukua kijiko kimoja tu cha mchicha kwa heshima ya mezani, inatosha.

Shuleni

Fedha ya kula inamfundisha mtoto kununua kinachong'aa. Ukiweza, mfungie chakula: kiazi kitamu, yai, ndizi, mahindi ya kuchemsha, na chupa ya maji. Ukishindwa, mpe fedha mkiwa mmekubaliana anunue nini. Mahindi ya kuchoma, chungwa na embe vinavyouzwa getini ni vyakula vizuri, almuradi muuzaji ni msafi.

Wakati wa kwenda kliniki

Ratiba haitibu ugonjwa. Mpeleke mtoto kama uzito kwenye kadi yake umesimama au umeshuka, kama viganja na ndani ya kope vimepauka, kama anakula udongo, mkaa au mchele mbichi, kama miguu imevimba na ukiibonyeza panabaki shimo, kama nywele zimekuwa nyepesi na kubadilika rangi, kama anapaliwa kila anapomeza, au anakubali vyakula vitatu vinne tu na kutapika vingine vyote. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano akipimwa mkono kwa utepe ukasoma chini ya sentimita 11.5, hiyo ni nyekundu, ni siku hiyo hiyo. Na usikose matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambazo hutolewa Juni na Desemba. Mtoto mwenye minyoo analishwa pamoja na minyoo yake.

Ukienda, beba lile daftari la siku tatu. Muuguzi atakuuliza, "Mtoto anakula nini?" na karibu sote hujibu, "Anakula kila kitu." Badala ya kujibu, mfungulie ukurasa wa kwanza.